Wanafunzi tunaotaka kuisaidia hospitali ya watoto ya Freetown: tuanzie wapi?

Mwanafunzi, Leeds

Shikamooni wakubwa zetu, na wenzangu salaam. Sisi ni wanafunzi wa chuo kikuu hapa Leeds, wengi wetu tukitokea Tanzania na Kenya. Mwenzetu mmoja kutoka Sierra Leone, anayesomea uuguzi, ametueleza habari za Hospitali ya Watoto ya Ola During iliyoko mashariki mwa Freetown, ambayo ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya watoto nchini kwao. Tangu Aprili 2010, serikali ilipofuta malipo ya matibabu kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiotimiza miaka 5, wazazi wengi waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa fedha walianza kuleta watoto, lakini fedha za kuihudumia idadi hiyo hazijawahi kutosha. Kisha mwaka 2014 ikaingia Ebola, iliyoua zaidi ya watu 11,000 katika Guinea, Liberia na Sierra Leone, wakiwemo madaktari na wauguzi ambao nchi hizo zilikuwa nao wachache tangu mwanzo.

Tumekusudia kuunda kikundi cha kuchangisha fedha. Tungeanza kwa usiku wa vyakula vya pwani, kisha tununue mashine za oksijeni zilizokwisha kutumika, tuzipakie kwenye kontena pamoja na dawa na nguo za watoto. Je, ni lazima tusajiliwe? Na vifaa hivyo tuvifikisheje?

Fundi wa vifaa tiba, Mombasa

Mdogo wangu, nia yenu ni njema, na ndiyo maana nawasihi msinunue mashine hata moja kabla ya kuzungumza na fundi wa hospitali yenyewe. Mashine ya oksijeni huvuta hewa ya kawaida, huipitisha kwenye vichujio na kwenye chembe za zeoliti zinazonasa naitrojeni, kisha hutoa oksijeni ambayo kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani haipaswi kushuka chini ya asilimia 82. Unyevu huziharibu chembe hizo, na vumbi huziba vichujio. Freetown ina vyote viwili, maana mvua kubwa hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba, na baadaye huja vumbi la upepo wa harmatani kutoka Sahara. Mashine iliyochoka huendelea kunguruma kama nzima, na muuguzi asiye na kifaa cha kuipima hudhani mtoto anapata oksijeni, kumbe anapewa hewa isiyotofautiana sana na ile iliyomo chumbani.

Kuna pia suala la umeme. Bwawa la Bumbuna, linalozalisha sehemu ya umeme wa Freetown, hupungukiwa maji wakati wa kiangazi, na mashine hizi hazina akiba, kwa hiyo umeme ukikatika na oksijeni imekatika. Waulizeni kama wanachohitaji zaidi ni mitungi ya akiba, vichujio, vipuri au mafunzo ya fundi.

Waulizeni vilevile juu ya vipimo vya kiwango cha oksijeni kwenye damu. Kile cha kubana kidole cha mtu mzima hakimfai mtoto mchanga. Yeye huhitaji utepe laini unaozungushwa kwenye wayo, na waya wa utepe huo ndio hukatika mapema. Ni kitu kidogo kisichovutia kwenye picha ya makabidhiano, lakini bila hicho muuguzi mwenye watoto wengi wenye nimonia hawezi kujua kwa hakika ni yupi ameshuka chini ya asilimia 90 na anayestahili kuwekewa oksijeni kwanza.

Dawa msikusanye. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa za msaada zibakiwe na angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda wake zinapofika nchini, na zile zilizobaki kwenye makabati ya watu hazikubaliki kabisa. Nguo nazo ziacheni. Nauli ya kontena ni bora igeuzwe kuwa vipuri.

Mweka hazina wa jumuiya, Birmingham

Kuhusu usajili, kwa Uingereza na Wales taasisi ya hisani yenye mapato yanayozidi pauni 5,000 kwa mwaka hutakiwa kujisajili kwenye Tume ya Mashirika ya Hisani. Ninyi nawashauri msianzishe taasisi mpya. Jiandikisheni kama chama chini ya umoja wa wanafunzi wa chuo chenu, fedha zipite kwenye akaunti ya umoja huo, kisha zipelekwe kwa shirika lililokwisha sajiliwa na linaloaminiwa na hospitali. Mnaweza kuanza kwa kuuliza The Welbodi Partnership, shirika la Uingereza lililoanzishwa kwa ajili ya hospitali hiyohiyo. Shirika linalotambuliwa na mamlaka ya kodi laweza pia kudai Gift Aid, yaani senti 25 juu ya kila pauni iliyotolewa na mlipa kodi. Mkitaka kupitisha makopo barabarani, ombeni kwanza kibali cha halmashauri.

Mwanafunzi, Leeds

Ahsanteni sana. Kontena tumeliondoa kwenye mpango. Linalotusumbua sasa ni kwamba wengi wetu tutahitimu baada ya miaka miwili, na tunaogopa kuahidi jambo litakalokufa tukiondoka.

Daktari wa watoto mstaafu, Moshi

Mwanangu, hofu hiyo ni ya msingi. Tazameni hospitali za Kantha Bopha za Kambodia, ambazo daktari wa Uswisi Beat Richner alizifufua kuanzia 1992. Kwa miaka mingi alipiga ala ya nyuzi iitwayo selo jukwaani ili kuomba michango, na watoto walitibiwa bure. Alifariki mwaka 2018, lakini hospitali hazikufungwa, kwa kuwa mbali na wafadhili wa Uswisi, serikali ilikuwa imekubali kuzitengea dola 2 katika kila tiketi ya watalii ya kuingia mahekalu ya kale ya Angkor. Nanyi tafuteni mchango mdogo wa kila mwezi, hata wa pauni 3, utakaoendelea kukatwa benki baada ya mtu kuhitimu, na kila mwaka chagueni viongozi wa mwaka wa kwanza wafanye kazi pamoja nanyi. Ahidini hospitali kile tu ambacho michango hiyo inaweza kukilipia.

Jambo moja zaidi, nalo nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona wodini: msiombe picha za watoto wagonjwa kwa ajili ya mabango yenu. Mama anayemuuguza mwanawe hawezi kumkatalia kwa uhuru mtu aliyeletwa na wafadhili. Pigeni picha kile kipimo cha wayoni, mwandike kinagharimu kiasi gani na kinafanya kazi gani.