Tupeane uzoefu: uliyepata presha ya mimba, moyo wako leo ukoje?

Mwanzisha mada, Chumbageni
Akina mama wa Tanga, Muheza na Pangani, assalaam aleikum na habari zenu. Kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha hiyo, tunakiogopa sana, ila kila nikiwasikiliza wenzangu, habari inaishia mtoto alipolia. Baada ya hapo mtoto atapelekwa kliniki kupimwa uzito, lakini mama hakuna anayemfunga kipimo mkononi. Mimi presha ilipanda mimba ikiwa ya miezi saba, ikafika 160 kwa 110, nikapasuliwa. Kabla ya arobaini ilishashuka, nikaambiwa nimepona. Sasa mtoto yuko sekondari na mimi nimekutwa na presha ya kudumu. Daktari aliyenipima swali lake la kwanza lilikuwa: "Mimba zako zilikwendaje?" Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza. Kumbe aliyepitia kifafa cha mimba au dalili zake za awali, uwezekano wake wa kuugua moyo au kupata kiharusi baadaye ni takriban mara mbili ya mwenzake ambaye hakupitia. Leteni yaliyowakuta.

Mama wa Makorora
Pole shoga. Mimi nilivimba uso na mikono, mawifi wakafurahi wakisema nimebeba mapacha. Kichwa kiligonga kutwa, nikawa naona vimulimuli, na chini ya mbavu za kulia panachoma. Nikajifungua salama, wote tukajua yameisha. Kifafa kikanikuta nyumbani, niko kwenye kukandwa maji ya moto. Wakasema ni shetani, kombe likaanza kuandikwa. Shemeji yangu, Mungu ampe umri, alikataa katakata, akanipakia kwenye bajaji hadi hospitali. Nikachomwa zile sindano za magnesiamu, matako yote mawili. Jamani, kifafa kinaweza kuja hata mtoto akishazaliwa, wiki kadhaa mbele. Mzazi akilalamika kichwa, msimwambie ni uchovu wa kunyonyesha.

Binti wa Pangani
Yangu ni ya mama. Alidondoka anakuna nazi, upande mmoja ukapooza, na hata miaka hamsini hakuwa amefika. Hospitali walituuliza kama aliwahi kuwa na presha, sisi wanawe tukajibu kwa uhakika kabisa kwamba hajawahi. Shangazi alipofika jioni ndipo akasema: "Uzazi wa huyu mdogo wenu alishikwa na kifafa, tulimzika akilini kabla hajazinduka." Ndugu zangu, jambo zito namna hiyo lilikuwa kichwani kwa shangazi tu, halikuandikwa popote. Waambieni watoto wenu, hasa mabinti, maana nao wakibeba mimba wanatakiwa kulitaja kliniki.

Mkunga mstaafu
Nimesoma wote, poleni. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Likishindwa kujishikiza vizuri kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi, humwaga ndani ya damu ya mama vitu vinavyoumiza utando wa ndani wa mishipa, mwili mzima: figo, ini, ubongo. Ndiyo maana tunapima mkojo kutafuta protini, na presha ya 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 hatuipuuzi. Kondo likitoka, presha hushuka kwa wengi, lakini mishipa ya baadhi yao hairudi ilivyokuwa. Wengine walikuwa na mwelekeo wa presha tangu zamani, mimba ndiyo iliyoufichua. Pimeni wiki ya sita baada ya kujifungua, kisha kila mwaka, pamoja na sukari na mafuta ya damu. Na mkienda uzazi wa mpango semeni historia yenu, kwa sababu vidonge vya majira vyenye homoni mbili vinaweza kupandisha presha.

Mama wa Raskazone
Mimi ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, nimeacha, na papa mkavu pia. Kwa mtu wa pwani si kazi ndogo! Natembea kila alfajiri, dawa nameza, presha imetulia.

Mgeni wa Muheza
Shikamoo mama mkunga. Mimba ya kwanza nilipata presha, haikushuka, hadi leo natumia losatani. Mume wangu anataka tuongeze mtoto. Niache dawa?

Mkunga mstaafu
Marahaba mwanangu. Usiiache kwa uamuzi wako, na usibebe mimba ukiwa unaitumia. Losatani na jamii yake, na zile za kina enalaprili, zinaweza kudhuru figo za mtoto tumboni. Nenda kwa daktari kabla hujashika mimba, akubadilishie. Methildopa na nifedipini ndizo tunazozoea kwa wajawazito. Muulize pia kuhusu aspirini ya dozi ndogo, maana huanzwa kabla ya wiki ya 20, na madini ya kalsiamu. Mumeo aje naye asikie mwenyewe.