Nimemwagiwa mtindi wangu gulioni, naomba mnielekeze niuze vipi kihalali

mama_wa_michungwa

Habari za jioni wanajukwaa, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mkulima mdogo, nakaa kati ya Muheza na Tanga mjini. Nina michungwa, mapapai, bustani ya mchicha na nyanya chungu, na ng'ombe wawili wa maziwa. Huu ni mwaka wa tatu nauza kila Jumamosi kwenye gulio la kando ya barabara. Nilianza na machungwa kwa mafungu. Baadaye nikaona abiria wanaoshuka kwenye mabasi wanataka kitu cha kula palepale, nikaongeza matunda ya kukatwa, mtindi ninaoupima kwenye chupa za maji zilizokwisha tumika, na achari ya maembe kama alivyonifundisha bibi yangu wa Pangani.

Jumamosi iliyopita alipita afisa mmoja wa afya. Akauliza cheti cha kupimwa afya, sina. Akauliza maji ya kunawa, nikamwonyesha beseni. Akafungua chupa moja ya mtindi, akanusa, akazimwaga zote mbele ya wateja. Kama lita kumi na nane hivi. Hakuniandikia karatasi yoyote, aliniambia tu nikirudi katika hali ile atanifungia. Nililia, sitaficha.

Jirani yangu wa meza ananiambia nimtafute nimpe kitu yaishe. Lakini kuna jambo linaninyima usingizi kuliko huo mtindi. Wiki mbili kabla ya hapo, mama mmoja mteja wangu alinijia akasema mwanawe wa miaka minne ameharisha kwa siku tatu baada ya kunywa mtindi wangu. Nilimjibu kwa ukali kwamba watoto wanaokota mengi. Sasa sina uhakika na nilichomjibu.

Niambieni ukweli. Nakosea wapi, sheria inataka nini, na nianze na lipi? Mfukoni nina laki moja na themanini.

binti_chumbageni

Pole sana dada yangu. Lita kumi na nane si mchezo. Ngoja wenye uzoefu waje, nami nitarudi kukwambia ya matunda, maana ndiyo kazi yangu.

mchuuzi_wa_ngamiani

Dada, usijisumbue. Hao wanapita mara moja kwa miezi. Mpoze kidogo, endelea na biashara yako. Sote tumekua na mtindi wa dumu na tuko hai.

bwana_afya_mstaafu

Marahaba mwanangu. Mchuuzi, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Akimpa kitu leo, mtoto mwingine Jumamosi ijayo anakunywa mtindi uleule. Na tuliokua na mtindi wa dumu ndio tuliobaki kusimulia, waliougua hatuwahesabu.

Nimefanya kazi ya afya masokoni zaidi ya miaka 20, nimewahi kumwaga vitu vya watu na najua mtu anavyojisikia. Mimi nilikuwa naandika karatasi kila mara, mwenye mali ajue kimechukuliwa nini na kwa sababu gani. Huyo angekuandikia. Lakini kabla ya kumlaumu nijibu mawili: maziwa unayachemsha kabla ya kugandisha? Na unayabebea kwenye nini?

mama_wa_michungwa

Sichemshi baba. Nakamua, nachuja kwa kitambaa, natia kwenye dumu la lita ishirini lililokuwa la mafuta ya kula, yanaganda yenyewe siku mbili. Ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya.

bwana_afya_mstaafu

Basi tumefika kwenye shina. Mengine yote uliyoandika yanarekebishika kwa ndoo na sabuni, hili linataka ubadili namna ya kufanya kazi.

Watu wengi wanaamini uchachu unaua kila kitu. Uchachu unasaidia, lakini bakteria wa brusela, wale wanaofanya ng'ombe watupe mimba, na wa kifua kikuu cha ng'ombe, wanaweza kubaki hai ndani ya mtindi wa maziwa mabichi. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa na bado akawatoa kwenye maziwa. Brusela kwa binadamu ni homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, viungo kuuma, na mara nyingi inaanza wiki kadhaa baada ya kunywa, hivyo mtu hahusishi na maziwa. Anatibiwa malaria, anatibiwa taifodi, haponi. Kwa hiyo nyumbani kwako akiwapo mwenye dalili hizo, akifika hospitali aseme wazi kwamba mnakunywa maziwa mabichi.

Viwandani maziwa hupashwa moto nyuzijoto 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Wewe huna kipimajoto, basi chemsha mpaka yapande, yakoroge, yaache yachemke kidogo tena. Tia sufuria kwenye beseni la maji baridi ikiwa imefunikwa. Ukigusa sufuria kwa nje ukakuta ni vuguvugu tu, tia vijiko vichache vya mtindi mzuri. Mara ya kwanza nunua pakiti ya mtindi wa kiwandani usio na sukari uwe mbegu yako, kisha kila ukigandisha unaweka akiba kidogo kwa ajili ya siku inayofuata. Utaganda sawasawa kuliko ule wa kujigandia, na hautakuwa na harufu iliyomkimbiza huyo afisa.

Dumu liache kabisa. Mdomo wake mwembamba, mkono hauingii, na ndani plastiki ina mikwaruzo ambako utando wa maziwa ya juzi unajificha hata ukisuuza mara kumi. Tafuta keni ya aluminiamu au ndoo ya chuma isiyoshika kutu, yenye mdomo mpana. Chupa za maji zilizotumika nazo ziache, ukizitia maji ya moto zinajikunja, maana yake huna njia ya kuzisafisha ukaziamini.

Kuhusu yule mtoto: hakuna anayeweza kukwambia leo kama ni mtindi wako. Kuharisha kuna milango mingi. Ila nenda ukamwone mama yake. Muulize mtoto anaendeleaje, na umwambie umeacha kuuza mtindi kwa sasa.

mama_wa_michungwa

Nimesoma mara tatu. Wanangu wanakunywa maziwa hayo kila asubuhi. Kuanzia kesho nayachemsha yote. Asante baba.

binti_chumbageni

Nimerudi. Mimi nauza juisi na matunda, nimepitia kupimwa na kukaguliwa, basi sikiliza dada.

Chungwa zima, papai zima na embe zima halina shida kubwa, ganda lake ndilo kinga. Ukishalikata umefungua mlango. Tikiti na papai hazina uchachu wa kutosha kuzuia bakteria, na kwa jua letu hili vinakua haraka mno. Wataalamu wanahesabu kati ya nyuzijoto 5 na 60 kuwa ndiyo hatari, na wanasema chakula cha namna hiyo kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mchana wa Tanga wa Februari mimi najipa saa moja. Nakata kidogo kidogo mteja akiwapo, sirundiki sahani kumi halafu nikafunika na neti nikangoja basi.

Na osha tunda kabla ya kulikata. Watu wanasema tikiti ganda haliliwi, la nini kuliosha? Kisu kinapita kwenye udongo wa ganda kinauingiza mpaka ndani. Mimi naosha kwa maji yenye klorini, nasuuza, ndipo nakata. Ubao na kisu vya matunda havigusi kitu kingine. Mwisho wa siku napitisha maji ya jiki, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne za maji, baada ya kuosha kwa sabuni. Ukimwaga jiki juu ya uchafu umepoteza jiki yako.

Beseni la kunawia nalo libadili haraka. Wa kwanza ananawa, wa pili anajipaka uchafu wa wa kwanza. Ndoo yenye koki, sabuni, na ndoo nyingine chini ya kupokea maji machafu. Na mkono unaopokea noti usishike tunda. Mimi namweka mdogo wangu apokee pesa.

mzee_wa_dipsii

Salaam. Mimi ni wa samaki. Nataka kuongeza la barafu tu, maana naona huko wanakoelekea watakwambia ununue deli, lile sanduku la kutunzia baridi.

Kwetu sisi baridi ndiyo kila kitu. Jodari na vibua wakikaa juani tangu wametoka majini, kuna sumu inajijenga kwenye nyama, histamini, na ukishaipata hiyo hata ukaange mpaka mkauko haitoki. Mtu anakula, uso unawaka, kichwa kinamgonga, anadhani ana mzio wa samaki kumbe ni samaki aliyecheleweshwa barafu. Kwa hiyo naiheshimu barafu.

Lakini barafu ya samaki si ya kutia kwenye juisi wala kupangia matunda. Mingi imegandishwa kwa maji ambayo hayakuchemshwa, na inaburutwa chini. Na deli lililobeba samaki usiligeuze la mtindi hata ukiliosha vipi. Mimi ninalo moja ambalo halijaingia samaki hata siku moja, lilikuwa la soda za harusi. Niulize faragha, nitakuachia kwa bei ya kukusaidia.

nyanya_za_soni

Mama wa michungwa, umesema una mchicha. Hujauliza, lakini naomba niseme maana jambo hili linaniuma kila nikishusha mzigo mjini. Mchicha ukianza kunyauka saa nne, watu wanachota maji popote wanaunyunyizia uchangamke. Nimeona kwa macho yangu maji ya mtaro. Mboga ile inakwenda kuliwa, na majani ya kachumbari hayapikwi kabisa. Beba maji safi yako kutoka nyumbani, tandika gunia bichi safi, weka mboga kivulini. Inakaa.

Na bustanini: samadi mbichi usiitie kwenye mboga inayokaribia kuvunwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu kutia samadi mbichi mpaka kuvuna mboga inayogusa udongo, na 90 kwa isiyougusa. Kwetu mchicha unavunwa ndani ya mwezi, kwa hiyo njia yetu ni kuiozesha vizuri kwanza. Dawa ya wadudu pia, soma kibandiko kinasema usubiri siku ngapi, na uzisubiri hata kama bei imepanda leo.

achari_ya_mwambao

Dada, achari yako usiitupe! Katika vitu vyote ulivyotaja ndiyo yenye kesho. Mimi nilianza na chupa kumi na mbili.

Chumvi, ndimu na siki ndivyo vinavyoilinda, kwa hiyo usipunguze ukali wake ili kumpendeza mteja. Inayotisha ni ile ya kitunguu saumu au pilipili zilizozamishwa kwenye mafuta matupu bila uchachu. Chini ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria anayependa hapo hapo na sumu yake inaua. Tumia chupa za kioo, zichemshe dakika kumi, zikauke, kijiko kiwe kikavu siku zote.

Kwa kuuza gulioni kwa mkono anza na afisa afya wa kata. Ukitaka kuingia dukani nenda SIDO mkoa, lile shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji na wanakupa barua ya kukutambulisha TBS, yaani Shirika la Viwango. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yametoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, yakaenda TBS, kwa hiyo mtu akikutaja TFDA kwa chakula ujue habari zake ni za zamani.

bwana_afya_mstaafu

Ameeleza vizuri. Naongeza kwa ufupi upande wa sheria. Kupimwa afya kwa anayeshika chakula ni kila baada ya miezi sita, na kama una mdogo wako anayekusaidia naye apimwe. Msingi wake ni Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Maziwa yana Bodi yake ya Maziwa kwa Sheria ya Maziwa ya 2004, hivyo mtindi ukikua kuwa biashara kubwa utawahitaji. Chochote unacholipa serikalini kiwe na namba ya malipo na risiti. Asiyekupa hivyo, usimpe.

Choo kipo gulioni?

mama_wa_michungwa

Kipo kimoja, nyuma ya kituo cha mafuta, hakina maji. Tunakatwa ushuru kila Jumamosi.

bwana_afya_mstaafu

Basi andikeni barua kikundi kizima, si wewe peke yako, mwipeleke kwa mtendaji wa kata na nakala kwa afisa afya. Mkaombe maji chooni, sehemu ya kunawa na taka kuzolewa. Ukiwa na ndoo ya koki mezani halafu umetoka choo kisicho na maji, tumefanya nusu ya kazi. Ambatisheni risiti za ushuru.

mchuuzi_wa_ngamiani

Nimesoma yote. Nafuta nililosema juu. Mimi nina mjukuu anakunywa mtindi wa dumu.

mama_wa_michungwa

Wapendwa, nimerudi na habari baada ya siku tano.

Nilikwenda kwa yule mama. Hakunikaribisha ndani, tulizungumza mlangoni. Nilimwomba radhi kwa nilivyomjibu. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema sawa. Mtoto alikuwa anacheza uani.

Jumamosi hii nakwenda na machungwa, mapapai mazima na mchicha, basi. Nimenunua ndoo ya koki na ya kupokelea. Jumatatu tunakwenda kupimwa mimi na mdogo wangu. Achari nimeiweka kwenye chupa kumi za kioo, nitamwonyesha afisa wa kata kabla sijauza hata moja. Matunda ya kukatwa yatasubiri deli, mzee wa dipsii nimekuandikia. Barua ya choo imesainiwa na watu ishirini na mmoja, akiwemo jirani aliyeniambia nitoe kitu.

Mtindi wa kuchemsha nimejaribu mara mbili. Wa kwanza ulikataa, nilitia mbegu maziwa yakiwa bado ya moto. Wa pili umeganda mzito, tumeunywa nyumbani na mihogo.

bwana_afya_mstaafu

Vizuri sana mwanangu. Na ng'ombe? Wapimwe damu kabla hujarudi kuuza.

mama_wa_michungwa

Daktari wa mifugo anakuja Alhamisi asubuhi, baba.