Mrejesho: malimbikizo ya SSI ya kaka yameanza kuingia

Wadau, salama? Niliwauliza kwa nini kaka yangu, ninayeishi naye hapa Marekani, alikubaliwa SSI (msaada wa serikali kwa wenye ulemavu au wazee wenye kipato kidogo) na pesa ya mwezi ikaanza kuingia, ila malimbikizo ya kipindi chote cha kusubiri uamuzi hayaonekani. Kila nikipiga simu naambiwa "yanashughulikiwa", mpaka nikachoka.

Aliyesema niulize habari ya awamu ndiye aliyepatia. Kumbe kwa SSI, malimbikizo yakifika mara tatu ya kiwango cha mwezi hayatolewi kwa mkupuo: hugawanywa hadi awamu tatu, zikipishana miezi sita. Ila ukiwa na madeni ya kodi ya nyumba, chakula au matibabu, unaweza kuomba awamu ya kwanza iongezwe. Nikapeleka barua ya mwenye nyumba, ile ya wino mwekundu, pamoja na bili ya kiti cha magurudumu. Mama wa dirishani kwenye ofisi yao akaziskani bila neno. Juzi awamu ya kwanza imeingia, na imeongezwa kweli!

Kodi tumelipa kwanza. Inayobaki ina akaunti yake, maana ikipita miezi 9 huhesabiwa kwenye ule ukomo wa dola 2,000 wa akiba na mali anazoruhusiwa kuwa nazo mpokeaji wa SSI. Risiti zote natunza.