Majirani Barabara ya Kumi, Ngamiani: Marangu siku tano au sita?

*Jumamosi, saa 1:52 usiku*

Bakari: Assalam aleikum wana Barabara ya Kumi. Ile safari ya Kilimanjaro imeiva. Tuko wanne: mimi, Zuhura, Juma na shemeji wa Chumbageni (siyo Elia). Tumepewa bei ya njia ya Marangu, siku tano. Mjomba Hamza, wewe ndiye mwenye mlima, tupe neno kabla hatujalipa.

Mjomba Hamza: Waleikum salaam. Siku tano msilipe.

Bakari: Shikamoo kwanza mjomba 😅

Mjomba Hamza: Marahaba. Fanya hesabu mwenyewe. Geti la Marangu liko kwenye mita 1,870 hivi. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu mnafika Kibo, 4,700 na ushei, na hapo hamlali: saa tano usiku mnaamshwa, saa sita mnaanza kupanda kwenda Uhuru, 5,895. Ukishapita mita 3,000, pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya 500 hivi. Mandara kwenda Horombo ni 1,000. Horombo kwenda Kibo ni 1,000 nyingine. Na nyinyi mnatoka Tanga, maji ya bahari yako usawa wa nyayo.

Zuhura: Lakini Juma si anakimbia Raskazone kila alfajiri?

Mjomba Hamza: Huyo ndiye wa kumchunga. Kule juu presha ya hewa inakaribia nusu ya hiyo mnayovuta hapo. Mazoezi yanajenga miguu na pumzi, ila damu kuzoea hewa nyepesi ni kazi ya siku, haihongeki. Mwenye nguvu anatangulia, anafika kambini wa kwanza, magharibi hajashuka kitandani kichwa kinamgonga.

Juma: Nasoma mjomba 🙈

Bakari: Sasa tufanyeje? Siku moja zaidi ni ada ya hifadhi, kibanda, chakula na posho za watu wote. Mara wanne si mchezo.

Mjomba Hamza: Ongezeni usiku wa pili Horombo. Siku hiyo mnapanda hadi Miamba ya Pundamilia, kama 4,000, mnakaa kidogo, mnarudi kulala palepale 3,720. Kupanda juu na kulala chini. Ukiibana siku hiyo halafu ukageuzia njiani kabla ya Gilman's, ukingoni mwa kreta, umelipa siku tano za kutazama kilele kwa mbali.

Bi Mwanahawa: Bakari mwanangu, nimeona kwenye ile karatasi uliyotuma imeandikwa mtapewa gaidi mkuu mmoja na magaidi wasaidizi wawili. Hao magaidi wa nini??

Bakari: 🤣🤣🤣

Mjomba Hamza: Bibi shikamoo. Ndivyo wanavyoitwa mlimani, ni watembeza wageni wenye leseni ya hifadhi. Bila wao hupiti getini, hata uwe umezaliwa Marangu.

Bi Mwanahawa: Marahaba. Wabadilishe jina.

Shemeji Elia: Habari za jioni. Nimeona ujumbe. Machame je? Siku saba kwa Machame mwili unazoea vizuri kuliko Marangu. Unapanda Lava Tower, 4,600, unakula mchana pale, unashuka kulala Barranco chini ya 4,000.

Mjomba Hamza: Kweli kabisa Elia, kwa kuzoea Machame ya siku saba inashinda. Ila ni mahema tangu mwanzo hadi mwisho, na wanataka kuwa juu tarehe 9 Desemba. Mvua za vuli zinaweza kuwa bado. Marangu peke yake ndiyo yenye vibanda na magodoro. Wanne wa pwani wasiowahi kulala hemani kwenye mvua ya digrii nne, mimi ningewapa kibanda na siku sita.

Zuhura: Kwa nini tarehe 9 hasa? Si tungoje Januari kukiwa kukavu?

Bakari: Siku ya Uhuru dada! 1961 Nyirenda alipandisha mwenge na bendera usiku wa kuamkia tarehe hiyo. Tukipiga picha siku nyingine haina ladha.

Mjomba Hamza: Ladha yake ni foleni. Vibanda vinajaa wiki hiyo, wekeni nafasi mapema. Januari hadi katikati ya Machi hali ya hewa ingekuwa nzuri zaidi. Lakini mmeshaamua, basi suruali na koti la mvua viwe vya kweli, si vile vya bodaboda.

*saa 2:20 usiku*

Zuhura: Baridi ikoje kileleni? Tunaambiwa tu "kali".

Mjomba Hamza: Kila mita 1,000 joto linapungua kama digrii 6 na nusu. Tanga ikiwa 30, toa 38. Unabaki na 8 chini ya sifuri, na huo ni mchana. Mnaopanda usiku, na upepo juu yake, hesabuni 15 chini.

Bakari: Nguo tutapata mitumba ya Mgandini?

Mjomba Hamza: Nyingi mtapata, na kwa bei ndogo kuliko kukodi Moshi. Ya kwanza inayogusa ngozi iwe ya kubana, polista au sufu. Pamba hapana, ikiloa jasho haikauki na inakunyonya joto. Juu yake sweta la manyoya mepesi. Juu zaidi jaketi lililojazwa: liinue kwenye mwanga, ukiona manyoya yamekimbilia chini na juu pako wazi, liache. Mwisho koti la mvua. Lijaribu kwa tone la maji: likisimama kama shanga chukua, likizama kitambaani ni pambo. Mzula wa kuziba masikio, na glavu jozi mbili, nyembamba ndani na nene nje. Begi la kulalia na fimbo kodini Moshi, hivyo si vya kubahatisha.

Juma: Na buti? Nimeona moja za Kizungu, nzima kabisa, hazijavaliwa.

Mjomba Hamza: Hizo ndizo zinazoua safari. Buti ya zamani isiyovaliwa, soli yake ya povu inaoza ndani kwa unyevu, na unyevu wa Tanga mnaujua. Dukani inang'aa, siku ya pili mlimani soli inabanduka nzima kama ganda la chungwa. Ikunje kwa nguvu, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ikimeguka unga au ukiona ufa mdogo, rudisha. Gundi ya fundi viatu haitaishika, kwa sababu kilichooza ni soli yenyewe, mshono ni mzima. Ukipata iliyo salama, itembelee wiki tatu hapo mtaani, na soksi zilezile utakazopandia.

Juma: Nimeshalipia nusu 😭

Mjomba Hamza: Kaikunje kwanza.

Dada Mwanaidi: Mjomba shikamoo, poleni kwa kuchelewa, nimetoka zamu sasa hivi. Kabla ya buti naomba nami niulize jambo. Kuna yeyote kati ya wanne mwenye seli mundu, au mwenye vinasaba vyake vya upande mmoja, yaani kutoka kwa mzazi mmoja tu?

Bakari: Vya upande mmoja si haviumi?

Dada Mwanaidi: Hapa chini haviumi. Kwenye hewa nyepesi chembe zinaweza kujikunja na kuziba damu ya wengu, mtu anapata maumivu makali ubavu wa kushoto. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa. Mwenye upande mmoja azungumze na daktari kwanza. Pwani tunao wengi, na wengi hawajijui. Kapimeni, ni damu kidogo tu. Mjamzito pia asiende, na mwenye presha aende na dawa zake, asiziache ati kwa sababu anajisikia vizuri.

Dada Mwanaidi: La pili, malaria. Vimelea vinakaa siku saba na zaidi kabla ya kuonyesha dalili. Ukiumwa Horombo, kichwa na kutapika, watasema ni mlima. Pimeni kile kipimo cha haraka siku ya kuondoka. Mkiwa juu mtu akichemka homa kali, kumbukeni ugonjwa wa mlima kwa kawaida haupandishi homa hivyo. Tajeni malaria, na ashuke.

Zuhura: Dawa ya mlima je? Diamox.

Dada Mwanaidi: Asetazolamaidi. Ya kukinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Anayedhurika na dawa za salfa aseme, asipewe bila daktari. Vidole na midomo vitawasha kama ganzi, mtakojoa sana, soda itakosa ladha. Yote hayo ni kawaida. Mezeni kidonge kimoja mkiwa bado Tanga muone mwili unavyopokea. Na haifichi hatari: inasaidia mwili kuzoea, haikupi ruhusa ya kwenda haraka.

Mjomba Hamza: Hapo mwishoni parudie Mwanaidi.

Dada Mwanaidi: 😄 Haikupi ruhusa ya kwenda haraka. Dalili sasa. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula, pumzika hapohapo, kunywa maji, meza panadoli, usipande zaidi mpaka ziishe. Vinavyomaanisha kushuka sasa hivi, hata kama ni usiku: (1) anayumba, akiambiwa atembee kisigino kwa kidole kwenye mstari anashindwa, (2) anaongea ovyo au anagoma kila kitu, (3) anahema akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma kama birika. Ya kwanza na ya pili ni ubongo unavimba. Ya tatu ni maji mapafuni. Asiachwe "alale aone asubuhi". Ashuke mita 500 hadi 1,000, na asishuke peke yake.

Mjomba Hamza: Kuna machela za gurudumu moja za hifadhi kwa kazi hiyo. Na mgonjwa wa aina hii daima anasema yuko sawa. Msimwulize yeye, mwulizeni aliyelala kitanda cha pembeni.

*saa 3:05 usiku*

Bi Mwanahawa: Na kula mtakula nini huko?

Shemeji Elia: Bibi, hapo ni jikoni kwangu. Kibo maji yanachemka kwenye digrii kama 84, hayafiki 100. Yanaruka sufuriani lakini joto hamna. Wali unabaki na kiini, maharage ukiyaanza leo utayala keshokutwa. Kwa hiyo mpishi mjuzi anawapa wali na maharage Mandara, huko juu anageukia supu, viazi, tambi, uji na chapati. Mezani mtakuta bisi kila jioni, maana mafuta hayajali mwinuko.

Shemeji Elia: Hamu ya kula itakatika baada ya Horombo. Bebeni vya kwenu vya kutafuna: tende, kashata ya nazi, karanga. Kashata ikatwe vipande vya kuingia mdomoni kabla ya kuondoka, ikiganda na baridi itawavunja jino. Sambusa na mkate wa kumimina acheni nyumbani.

Shemeji Elia: Kibo hapana maji. Yanachotwa njiani baada ya Horombo, wagumu, yaani wapagazi, wanayabeba kichwani. Anayetaka kunawa miguu Kibo ajue ananawa jasho la mtu.

Mjomba Hamza: Kunyweni lita tatu hadi nne kwa siku. Usiku wa kilele chupa muilaze kichwa chini, barafu inaanzia juu ya maji, mdomo wa chupa utabaki wazi. Mwenye begi la maji la mrija apulize maji yarudi ndani kila anapomaliza kunywa, vinginevyo mrija unaganda saa nane usiku. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu 2019. Betri za taa na simu zilale kifuani.

Bakari: Mzigo kilo ngapi?

Mjomba Hamza: Begi lako kubwa lisizidi 15. Mgumu anapimwa getini, mwisho 20. Mkijaza jiwe la mtu ndani ya begi, ataongezwa mgumu mwingine na mtalipa nyinyi. Na muulize hiyo kampuni mambo mawili kwa maandishi: wagumu wanalipwa kiasi gani kwa siku, na wanakula mara ngapi. Bei ikishuka sana ujue imekatwa kwenye sahani zao. Mgumu mwenye njaa hafikishi maji Kibo.

Zuhura: Mazoezi? Tanga yote ni tambarare.

Mjomba Hamza: Mshukie Mombo, mpande Lushoto, mtembee Magamba siku mbili mfululizo na mabegi mgongoni. Hapo hamtazoea hewa, pako chini mno. Mnakwenda kufundisha magoti KUSHUKA. Siku ya kilele mnapanda mita 1,200 kwa saa sita, saba. Halafu mnashuka Kibo, halafu Horombo, siku hiyohiyo. Kucha za miguu zikatwe fupi siku tatu kabla, na kamba za buti zikazwe upya kabla ya kushuka, mguu usiteleze mbele.

Mjomba Hamza: Usiku ule changarawe imeganda ndiyo maana tunapanda gizani, jua likitoka inakuwa mchanga wa pwani, hatua moja mbele nusu nyuma. Hatua moja pumzi moja. Ukiweza kuongea sentensi nzima, mwendo ni sawa. Kileleni robo saa inatosha, picha kisha chini.

Bi Mwanahawa: Na sala mtasali wapi, na udhu kwa barafu?

Mjomba Hamza: Msafiri anapunguza na kukusanya, bibi. Maji yakidhuru kuna tayamamu, na udongo wa Kibo ni mwingi. Kibla kutoka kule ni kaskazini, ukiinamia mashariki kidogo tu.

Bi Mwanahawa: Haya. Sasa nimeridhika na hao magaidi.

Juma: Nimeikunja buti. Imepasuka kama mkate mkavu.

Bakari: Pole ndugu. Nimewaandikia kampuni: siku sita, usiku mbili Horombo, na maswali ya wagumu. Wakijibu nitaomba namba ya malipo. Kila mtu anitumie namba ya NIDA faragha, si hapa. Na saizi ya buti, kesho naenda Mgandini.

Zuhura: 39.

Mjomba Hamza: Chukua 40. Uijaribu jioni miguu ikiwa imevimba, na soksi nene, ukisimama kwenye mteremko. Kidole kikigusa mbele, 41.