Naomba ushauri: Sabato za majira ya joto na ada ya wageni wa msimu

Shalom ndugu zangu, naombeni msaada wa mawazo.

Sinagogi letu ni dogo, familia 23, kaskazini mwa Minnesota. Mwezi Juni jua huku linazama saa tatu usiku, kwa hiyo Sabato, ambayo kwa kawaida huanza Ijumaa jua linapozama, tumeianza mapema, saa moja na nusu jioni, kando ya ziwa. Mapema zaidi ya hapo sheria ya Kiyahudi hairuhusu. Mishumaa tunaiweka ndani ya chupa za mdomo mpana, maana upepo wa ziwa hauna adabu.

Shida ni minyani, yaani idadi ya watu wazima kumi inayohitajika kwa sala ya pamoja. Wenyeji wakisafiri tunabaki saba au wanane, na bila hao kumi hakuna Kadishi (sala ya kumsifu Mungu ambayo wafiwa huwasomea marehemu wao) wala kusoma Torati kwenye gombo. Tulijaribu kutanguliza chakula: watu wakala, wakaaga. Tukatanguliza sala: watoto wakalia njaa.

Wanaotuokoa ni wageni wenye nyumba za mapumziko. Tuliwawekea ada ya msimu, dola 150, bila kura wala viti vya sikukuu kuu za Rosh Hashana (Mwaka Mpya) na Yom Kipuri (Siku ya Upatanisho). Ada ya mwaka, inayoanza 1 Julai, ni dola 900. Sasa familia mbili za hapahapa nazo zinataka ya 150!

Maswali yangu:
Kigezo cha ada ya msimu kiwe anwani, au barua ya uanachama wa sinagogi lao la nyumbani?
Na mnahakikishaje kumi wametimia kabla ya Ijumaa, bila kusumbua watu kwa simu?