BL (hati ya mzigo wa meli) ya kampuni moja, meli ya kampuni nyingine: DO (hati ya kuruhusu mzigo utolewe) nachukua wapi?

Vipuri Kkoo:
Wakuu habari. Nina kontena la futi 40 la vipuri vya pikipiki kutoka China. Nauli nimelipa kampuni A, na BL ni ya A. Nikifuatilia mtandaoni naona limepakiwa Ningbo kwenye meli ya kampuni B. Jana nimekaa foleni ofisini kwa B tangu saa tatu asubuhi. Dada wa dirishani kaingiza namba ya BL mara tatu, mwishowe: "Kaka, huu mzigo hatuujui." Nimepigwa?

Mzee wa Gati:
Hujapigwa, umekosea mlango tu. Nipo kwenye kliaringi (kazi ya kutoa mizigo bandarini) Dar tangu 2006, hili naliona kila mwezi.

Ukitaka meli itoke China kila wiki, lazima uwe na meli kadhaa zinazofuatana. Kampuni moja ikijitwisha yote, zitasafiri nusu tupu. Kwa hiyo huyu analeta meli tatu, yule mbili, wanagawana nafasi ndani ya kila meli kwa kadiri ya mchango. Ila nafasi zake kila mmoja anauza mwenyewe, kwa bei yake na BL yake. Kampuni za meli Maersk na MSC waliishi hivyo kwenye njia kubwa tangu 2015, wakaachana Januari 2025. Mwezi uliofuata Maersk kaanza na Hapag-Lloyd.

B kambebea mwenzake tu, na wewe hana mkataba. Nenda kwa wakala wa A. DO iko kwake.

Na angalia namba ya safari! Meli ileile, safari ileile, A ana namba yake na B ana yake. Tumia iliyo kwenye taarifa ya kuwasili ya A. Kijana wangu alinakili ya mtandaoni mwaka jana, tukalipa storeji ya siku nne. Bado nikimwona nakumbuka.

Baharia Mstaafu:
Mzee kasema kweli, ila usidhani meli ya nani haikuhusu. Mwisho wa Agosti 2016 Hanjin ya Korea Kusini ilipoelemewa na madeni, bandari kadhaa zilizikataa meli zake, zikihofia kutolipwa. Humo ndani mlikuwa na makontena ya washirika wake pia. Mtu kalipa nauli kampuni isiyodaiwa hata senti, mzigo wake unaelea nje ya bandari. Mimi kabla ya kulipa huuliza: nafasi ni yenu, na meli je?

Vipuri Kkoo:
Nimetoka kwa wakala wa A sasa hivi. Mzigo wanaujua, meli imetia nanga nje inasubiri gati. Na namba ya safari ni tofauti kweli: yao inaishia na W, ya mtandaoni ina S. Nilishamtumia wakala wangu wa kliaringi hiyo ya S jana jioni, ngoja nimpigie.

Mzee wa Gati:
Piga sasa hivi, usitume meseji.