Pwani ya Cádiz na watoto na bibi: tulale Cádiz mjini, Conil au Tarifa?

BintiPangani
Habari zenu wadau. Mwezi wa saba tunashuka Hispania, ile pwani ya Atlantiki ya Cádiz, mimi, mume, watoto wawili na mama mkwe anayekuja kutoka Tanga kwa viza ya Schengen (ile ya kuingia kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja). Tumebaki na tatu hizo. Mama magoti yanamsumbua, watoto wao mchanga tu kutwa, mume naye anataka tupande kidogo miji ya ndani. Gari hatujaamua. Mliofika mnasemaje?

mzee_wa_reli
Cádiz mjini. Treni toka Sevilla ni saa moja na nusu na ushee, inakushusha mlangoni mwa mji wa kale kabisa, gari la nini? La Caleta ndo ufukwe wa watoto, mdogo, upo katikati ya ngome mbili, maji yakipwa mitumbwi inabaki imelala mchangani. Na mji wenyewe bapa, mama atatembea.

Nyakio_ughaibuni
Mimi napinga kidogo, Caleta mwezi wa saba ni watu juu ya watu. Chukueni Conil au La Barrosa pale Chiclana, mchanga ni mrefu hadi unachoka kutembea, na maji hayana kina kwa karibu. Ila huko bila gari mtasumbuka, treni haifiki Conil, ni basi. Halafu usikose jodari! Kule Barbate, Zahara na Conil wanawatega kwa nyavu zisizohama kama wando wa kwetu, jodari wakiwa wanapita kuingia Mediterania, hiyo ni kama mwezi wa nne hadi wa sita, ila mikahawani wapo kiangazi chote.

kusi_na_kaskazi
Jamani mbona hakuna anayetaja upepo?? Kule kila kitu ni upepo. Kuna Levante wa kutoka mashariki, ukivuma unavuma siku kadhaa mfululizo, mchanga unapiga miguu mpaka watoto wanalia, na Poniente wa kutoka baharini ambao ni baridi ila mtu anaishi nao. Tarifa ipo kwenye mlango wa bahari kwa hiyo inaupokea wote, ndo maana wale wanaoteleza majini kwa ubao na tiara wamejazana pale. Kwa wanaopenda mchezo huo ni peponi, kwa bibi na watoto hapana. Caleta inatazama magharibi, mji wenyewe unaikinga na Levante, hapo mzee_wa_reli yuko sahihi.

BintiPangani
Asanteni sana. Tarifa niliiweka kwa sababu ya feri ya Tangier, mama anatamani sana kukanyaga Moroko, na naona ni kama saa moja tu.

kusi_na_kaskazi
Dada angalia viza ya mama KWANZA. Kama ni ya kuingia mara moja, akishavuka Tangier ametoka Schengen, kurudi hawezi. Pia Moroko wana masharti yao. Hilo usilifanyie haraka.

BintiPangani
Nimeangalia sasa hivi, ni ya mara moja. Mungu akubariki, tungekwama bandarini na mama wa watu.

Nyakio_ughaibuni
Pole, ila kwa ndani kuna Jerez, treni toka Cádiz haizidi saa moja, mji tambarare, farasi wanaofundishwa kucheza, na ndani ya ngome yake ya Alcázar kuna msikiti wa kale wa enzi za Waislamu, mama atafurahi. Vejer ni mzuri mno, mji mweupe kileleni, lakini vichochoro ni vya kupanda. Arcos hivyo hivyo, na mchana wa Julai joto ni kali sana, mume aende peke yake asubuhi mapema.

mzee_wa_reli
Na Bolonia, kijiji cha ufukweni karibu na Tarifa, siku ya Poniente. Magofu ya Baelo Claudia, mji wa Warumi, yapo palepale ufukweni, mabirika waliyokuwa wakitilia samaki chumvi bado yanaonekana.

BintiPangani
Basi tunalala Cádiz, gari tunakodi siku mbili tatu tu kwa ajili ya Bolonia na mume kwenda Vejer.

mzee_wa_reli
Ukitafuta nyumba mji wa kale uliza kama ina lifti, majengo mengi ni ya zamani na ngazi ni ndefu. Na gari usilete mjini, maegesho ni shida, likodi Jerez asubuhi na ulirudishe hukohuko.